Ala Tupu ya Hellevi

Kijiwe chetu cha Kuusilahti ni benchi moja mbele ya duka, limebanwa kati ya pampu ya mafuta iliyokufa na friji ya nje inayouza minyoo ya kuvulia samaki. Zunguka kaskazini yote ya Ufini, hutapata benchi lenye elimu kama hili. Mwenye duka hutuwekea chupa ya kahawa dirishani kila asubuhi, wala si kwa mapenzi. Ni kwamba tulikuwa tukiingia ndani na kuwashauri wateja wake wasinunue. Chupa ikiisha, kikao kimefungwa. Hiyo ndiyo katiba yetu yote. Asubuhi ninayoisimulia mbu walikuwa wameshakufa, miti ya betula imegeuka manjano, na umande umeganda juu ya mbao za benchi, kwa hiyo tulikalia magazeti ya juzi, kila mmoja na kikombe chake cha mti mkononi na kisu chake kiunoni. Kisu huku ni kama suruali. Hakuna anayekusifu kwa kuwa nayo, ila siku ukitoka bila hiyo, kila mtu ataona.

Wajumbe tulikuwa watano. Panga, ambaye kanisani anaitwa Oula, ni mfugaji wa kulungu wa huku. Kisu chake ni kirefu kiasi kwamba akikaa lazima kwanza akiombe ruhusa. Karakana ni Reijo, fundi mstaafu wa mabasi, mtu asiyeamini chombo chochote kinachofanya kazi moja tu. Redio ni bibi Martta, aliyegawa barua kijiji hiki maisha yake yote. Hakuwahi kufungua bahasha ya mtu, alikuwa akizipima tu kiganjani na kujua. Mimi wananiita Jua, kwa sababu nilitoka Tanga nikiwa mpishi wa meli, nikaoa huku, na mpaka leo navaa soksi jozi mbili mwezi wa saba. Wa tano ni Taavetti, mgane, dereva mstaafu wa greda la kusukuma theluji. Tunamwita Kimya. Siku akisema maneno matano, jioni hulala mapema.

Sasa asubuhi hiyo, hata kahawa hatujaipuliza, Kimya ndiye aliyefungua kikao. Tulishtuka kana kwamba pampu imesema.

Kimya: Hellevi kavaa ala tupu.

Redio: Umesemaje?

Kimya: Yumo dukani. Kwenye chumvi.

Redio akainuka, akabandika paji la uso kwenye kioo cha duka, akakaa hapo mpaka kioo kikafanya ukungu.

Redio: Mama yangu! Kweli. Ala ya kisu, ya ngozi, inaning'inia mkandani, mdomo wazi, ndani hamna kitu!

Hellevi ni mjane wa upande wa pili wa mto. Kila mwaka majira kama haya hupakia mashua yake akapandisha mto peke yake, akakaa kwenye kibanda cha magogo mbali kabisa na watu, anatega nyavu na kuchuma matunda ya kinamasini, na harudi mpaka kingo za mto zianze kuganda. Ni mwanamke ambaye dubu akimwona hukumbuka kuwa ana shughuli kwingine.

Karakana: Ala tupu ndiyo nini? Mimi nina soketi tupu nyumbani, sijaona mtu akishtuka.

Redio: Wewe Reijo ndiyo maana mkeo alikwenda kuishi na dada yake. Sikiliza. Zamani kwa akina bibi yangu, huko pwani ya magharibi, mwanamke akiwa tayari kuolewa huvaa ala tupu. Mwanamume mwenye nia anakuja, hasemi kitu, anachomeka kisu chake humo. Mwanamke akibaki nacho, watu wanaanza kuoka mikate ya harusi. Akikirudisha, mwanamume anahama tarafa.

Panga: Hiyo ni ya watu wa pwani. Sisi wenye kulungu, mtu akitaka mke anasema.

Redio: Aha. Na wewe ulimwambia nini mkeo?

Panga: Nilimwambia kulungu wangu wameingia kwenye kundi lake.

Redio: Akajibu?

Panga: Akasema waache.

Mimi: Lakini Redio, hizo ni habari za mabinti. Hellevi ana wajukuu.

Redio: Kwa hiyo? Ala ina tarehe ya mwisho wa matumizi, kama maziwa?

Hapo wote tukageuka kumtazama Kimya. Masikio yake yalikuwa mekundu, na si kwa baridi. Maana jambo lenyewe hata samaki wa mtoni walilijua. Tangu astaafu, Kimya alinunua trekta dogo la kusukuma theluji, na trekta hilo husafisha barabara moja tu katika wilaya nzima, inayoanzia mlangoni kwake na kuishia mlangoni kwa Hellevi. Amefanya hivyo majira yote ya baridi bila kukanyaga kizingiti chake. Anafika, anageuza, anarudi. Siku moja Hellevi alimpungia kikombe cha kahawa kutoka dirishani, na mtu huyu, kwa woga, akarudi nyuma na trekta akavunja sanduku la barua.

Karakana: Kimya, unamtaka au humtaki?

Kimya akanywa kahawa.

Redio: Kasema anamtaka.

Panga: Na anaondoka leo. Nimeiona mashua, imeshapakiwa mpaka kwenye ubao wa mbele.

Karakana: Na akikirudisha kisu? Hapa mbele ya duka, watu wote wanaona?

Mimi: Atahama kijiwe.

Redio: Kijiji kina kijiwe kimoja.

Kimya akalitazama benchi lile, akalipapasa ubao wake kwa kiganja, kama mtu anayeaga farasi. Nami, pamoja na utani wangu wote, nikaona kwamba huyu mzee hana pengine pa kwenda. Nyumbani kwake kuna kiti kimoja kilichochoka na cha pili ambacho hakijakaliwa tangu mkewe afe. Asubuhi zake zote ziko hapa, na moyo wake uko pale ndani, kwenye rafu ya chumvi.

Karakana: Amefika wapi?

Redio (pua kiooni): Bado yuko kwenye chumvi. Kuna unga, kahawa, na betri. Na betri Hellevi huzijaribu mojamoja.

Panga: Basi muda tunao. Swali ni moja. Anachomekewa kisu gani? Huyu si mwanamke wa kuwekewa kisu cha siagi. Anakwenda porini. Atakipima kwa kazi.

Kwa kusema hivyo akachomoa lile jambia lake, na kivuli chake kikatupita sote.

Panga: Kisu ni hiki. Porini huendi na kabati la jikoni, unakwenda na kimoja kinachofanya yote. Hiki kinachanja kuni. Kinakata matawi ya kulalia. Kinapasua mfupa. Kinachonga barafu. Chuma chake kimepita ndani ya mpini mpaka kitakoni, ukikipiga kwa gogo hakitikisiki. Sijawahi kubeba shoka tangu niote ndevu.

Karakana: Na kumenya kiazi?

Panga: Kiazi unakila na ganda lake.

Karakana: Na kutoa mwiba kidoleni?

Panga: Unakata kidole.

Redio: Samaki je? Hellevi anasafisha samaki mpaka usiku unaingia. Kwa huo upanga samaki atabaki macho tu.

Panga: Nyinyi mnacheka. Mwaka ule wa theluji nyingi nilikutana na dubu pale Sorsavaara. Nikachomoa hiki. Mwanga ukapiga chuma, dubu akajiona humo ndani, akaogopa sura yake, akakimbia.

Redio: Mwaka jana ulisema ulimpigia kelele.

Panga: Nilimpigia kelele kwanza.

Karakana alikuwa anangoja kama mtu aliyekalia sindano. Akatoa mfukoni koleo lake la kukunja, akalilaza juu ya kiganja kama daktari anayeonyesha figo.

Karakana: Jamani, tumeingia karne nyingine. Hapa pana koleo, misumeno miwili, tupa, bisibisi za kila aina, mkasi, kifungua kopo, na kitu kimoja hapa mwishoni ambacho nadhani hata waliokitengeneza hawakijui. Mashua ya Hellevi ina injini. Injini ikikataa katikati ya maporomoko, Panga, utaichanja?

Panga: Nitaitisha.

Karakana: Plagi inafunguliwa na koleo. Waya wa nyavu unakatwa na koleo. Ndoana ikimwingia mtu kwenye nyama, inatolewa na koleo. Mume ni nini? Mume ni mtu wa kukaza vilivyolegea. Kimya akimchomekea hili, atakuwa amesema yote bila kufungua mdomo, na hiyo ndiyo lugha pekee anayoijua.

Mimi: Hebu litoe kisu tuone.

Karakana akaanza kukunjua. Ikatoka tupa. Akaisukuma ndani, ukatoka mkasi. Ukaja msumeno, ukaja msumeno wa pili, kikaja kile kisichojulikana. Ukucha wa kidole gumba ukakatika, akakinyonya, akaendelea. Kisu hakikutoka.

Karakana: Kimeganda kidogo. Ni baridi.

Redio: Dubu atakuja, na wewe utamwomba asubiri ukitafute.

Panga: Na shikio lake lote ni chuma kitupu. Majira ya baridi ukilishika bila glavu linakunasa kiganja, ukiliachia linabaki na ngozi yako. Mpini uwe wa mti. Mti una huruma.

Karakana: Unalifungia ndani ya soksi.

Mimi: Hapo sasa umenigusa. Mtaalamu wa soksi ni mimi.

Wakanigeukia, nikaona nami lazima nichangie. Kisu changu cha kwanza cha porini nilikinunua bandarini Napoli, kwa mtu aliyeniapia kwa jina la mama yake. Kilikuwa na meno mgongoni kama mamba, mpini mtupu uliojazwa ndoana na viberiti, na kitakoni kina dira. Dira ile ilikuwa na uaminifu wa ajabu: popote ulipo duniani, ilielekeza kwenye kisu chenyewe, maana ndicho chuma kilichokuwa karibu. Niliifuata siku moja kutoka nyumbani kwenda sauna yetu, bafu la mvuke lililo nyuma ya nyumba, nikafika kwa jirani. Nilipokitumia kwa mara ya kwanza, kukata jibini, bapa lake likabaki kwenye jibini na mpini ukabaki mkononi.

Redio: Na hicho ndicho unachomshauri Kimya?

Mimi: Hapana. Namshauri asinunue kitu Napoli.

Redio akarudi kutoka kiooni, akajimiminia kahawa, akatumbukiza kipande cha jibini ndani yake, kama wafanyavyo watu wa huku, akangoja kilainike. Alikuwa na jambo.

Redio: Nyinyi wanaume mnabishana juu ya makali. Makali yananolewa. Kisu ni kukibeba. Nimetembea na mikoba ya barua kwenye theluji ya kifuani, najua. Kikiwa ndani ya mkoba, huna kisu, una mzigo. Barafu ikivunjika ukatumbukia, mkoba unakwenda zake na wewe unakwenda zako. Kikae kiunoni, nyuma kidogo ya nyonga, kining'inie huru. Ukikaa kwenye mashua kijisogeze chenyewe, kisikuchome ubavu. Na kiweze kutoka kwa mkono mmoja, maana wa pili utakuwa umeshika uhai wako.

Panga: Sawa. Kwa hiyo kiwe kipi?

Redio: Kiwe na urefu wa upana wa kiganja cha mwenye kukitumia. Basi. Kirefu zaidi ni majivuno, kifupi zaidi ni kwa ajili ya tufaha.

Karakana: Kiganja cha Hellevi tutakipimaje?

Redio: Mimi nampelekea kifurushi anisainie.

Mimi: Ulistaafu zamani, Redio.

Redio: Mkono haustaafu.

Basi Panga akasema maneno matupu hayafai, visu vishindane. Akavuta kuni moja kavu kutoka kwenye rundo la mwenye duka, kila mtu achonge maranda. Huku ndivyo kisu kinavyopimwa: ukiweza kukwangua ukatoa maranda marefu, membamba, yaliyojikunja na bado yameshikana na kijiti, unawasha moto hata mvua inyeshe juma zima. Panga akaanza yeye. Pigo la kwanza likapasua kuni katikati, la pili likang'oa pembe ya benchi upande niliokalia mimi. Karakana, kwa kuwa kisu bado kilikuwa kinasinzia ndani ya koleo, alitumia msumeno akapata unga wa mbao, akasema unga nao unawaka. Redio alitoa maranda mazuri, lakini alisema hakiazimishi kisu chake kwa ajili ya mapenzi ya mtu mwingine.

Panga: Kimya, lete chako.

Kimya akasita. Halafu akakitoa.

Nilikuwa nimekaa na mtu huyu miaka, na nadhani sikuwahi kukitazama kisu chake. Mpini wa betula, umepauka na kuingia mashimo pale vidole vinapokaa. Bapa lake limenolewa mara nyingi mpaka limekonda kama jani la kitunguu. Ncha ilishavunjika kitambo na kuchongwa upya. Hakina kizuizi cha vidole; watu wa hapa huona kizuizi ni cha wasiojua wanachoshika.

Karakana: Hicho kinaumwa.

Panga: Kimekonda, jamani. Kipewe supu.

Mimi: Kimya, hicho umekatia nini?

Kimya: Mkate. Kamba. Barafu ya greda.

Akaweka kuni gotini, akavuta mkono mara moja tu, polepole. Randa likatoka jembamba, refu, likajikunja mpaka likagusa kifundo chake. Panga akakohoa.

Panga: Kinakata. Lakini sura yake! Mwanamke anataka kitu cha kuonyesha dada zake.

Karakana: Ndiyo. Nina wazo. Tunachukua bapa la kisu cha Panga, tunalifupisha. Tunalifunga kwenye koleo langu. Mpini tunatumia pembe ya kulungu. Ndani ya pembe tunatoboa, tunaweka kiberiti.

Mimi: Na dira.

Karakana: Na dira! Na filimbi kwa nyuma, akizidiwa apulize.

Panga: Na chuma kisiwe cha dukani. Nina springi ya lori la zamani ghalani. Chuma hicho kimebeba magogo ya msitu mzima, kitashindwa kubeba ndoa?

Redio: Na mpini uchongwe kwenye mti wowote wa lile trekta la theluji, ili ajue ni nani aliyekuwa anakuja.

Karakana: Trekta halina mti, lina usukani wa plastiki.

Redio: Basi usukani. Mapenzi hayachagui malighafi.

Panga: Ala haitatosha.

Karakana: Ala tunaipasua, tunaongeza ngozi.

Mimi: Karakana, ala imevaliwa na mtu.

Karakana: Tutafanya haraka.

Kimya alikuwa anawatazama mmoja baada ya mwingine, kisu chake kikiwa bado gotini, uso wake kama wa mgonjwa anayesikiliza madaktari wakibishana ni mguu upi wa kukata.

Redio: Yuko kwenye betri! Jamani, yuko kwenye betri!

Ndipo akatokea mchungaji. Usharika wetu ulikuwa umepata mchungaji mpya juma lililopita, dada mmoja kutoka kusini, jina lake Tuulia, mwenye buti za mpira za kijani na nywele fupi. Alikuja kubandika tangazo la kwaya kwenye mlango wa duka. Akatusalimu, akaona chupa, akauliza kama kahawa ni ya watu wote. Tukamwambia ni ya wanachama, lakini kanisa lina nusu uanachama. Akajimiminia. Chupa ikakoroma, ikatoa matone ya mwisho, ikanyamaza. Panga akavua kofia, kama tunavyofanya siku zote chupa ikifika hapo.

Mchungaji: Mnachagua kisu?

Redio akamweleza yote kwa pumzi moja: ala, desturi, bibi yake, pwani ya magharibi, trekta, sanduku la barua, dubu, mashua, betri. Akamaliza kwa kumwuliza kama Jumamosi baada ya theluji ya kwanza ana nafasi ya kufungisha ndoa. Mchungaji alisikiliza vizuri, kama walivyofundishwa. Akanywa funda moja.

Mchungaji: Samahani, mimi ni mgeni. Lakini hiyo ala si ilikuwa na kisu chake? Kiko wapi?



Panga akamtazama Karakana. Karakana akamtazama Redio. Redio akabandika tena paji la uso kiooni, akaitazama ile ala upya. Maana sote tulikijua kisu cha Hellevi. Kina mpini mweusi, pete ya shaba. Amekivaa tangu mumewe yu hai. Ametuparia samaki nacho kwenye sherehe za kijiji, amewatisha nacho wakusanyaji wa kodi ya uvuvi. Asubuhi yote tumekaa kuisoma ala, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza kisu kimekwenda wapi.

Karakana: Labda... amekipumzisha.

Panga: Labda kimepotea kinamasini.

Redio: Labda kimevunjika.

Mchungaji: Kwa hiyo inawezekana hatafuti mume. Inawezekana anatafuta kisu.

Duka letu haliuzi visu. Liliacha tangu duka kubwa lifunguliwe mjini. Nikamwona Redio anaketi polepole, uzito wa harusi nzima ukimshuka mabegani. Na mimi nikasikia aibu kwa niaba ya Kimya, na afueni pia, kwa sababu angalau hakuwa ameinuka. Nikamgonga bega. Nikamwambia, mzee mwenzangu, umeponea chupuchupu.

Kimya hakunisikia. Alikuwa anatazama mtoni, ile mashua iliyoshiba mizigo.

Kimya: Basi anakwenda kule bila kisu.

Hayo yalikuwa maneno matano kwa pumzi moja, na kahawa ilikuwa imekwisha, na kwa katiba yetu kikao kilikuwa kimefungwa. Lakini hakuna aliyeondoka. Mlango wa duka ukalia kengele, Hellevi akatoka na gunia la chumvi begani, mfuko wa betri kwenye meno. Akatukuta sita tumepangana kama watu wanaosubiri kupigwa picha ya pasipoti. Akatua gunia, akatoa mfuko mdomoni.

Hellevi: Nani kafa?

Kimya akainuka. Alikwenda mpaka mbele yake, akasimama. Mtu yeyote mwingine angeanza na hali ya hewa. Yeye akanyoosha tu mkono, kile kisu chake kilichokonda kikiwa kiganjani, mpini ukielekea kwake.

Kimya: Huna kisu.

Hellevi: Sina.

Kimya: Chukua.

Hellevi akakichukua. Akaligusisha bapa kwenye ukucha wa kidole gumba, akalisikiliza. Akakigeuza, akaona yale mashimo ya vidole, akaweka vyake humo. Havikukaa sawa, akavisogeza mpaka vikapata pa kukaa. Kisha akakichomeka kwenye ala yake. Kikazama, kikagonga huku na huku kama mbaazi kwenye kopo.

Hellevi: Kinapwaya.

Benchi zima likashusha pumzi. Karakana aliokota koleo lake, tayari kupendekeza. Kimya akatikisa kichwa, akanyoosha mkono wake mkubwa kukichukua tena, mkono ule uliokuwa ukigeuza greda kwenye milima ya barafu.

Hellevi akaweka kiganja chake juu ya ala.

Hellevi: Taavetti, nimesema kinapwaya. Sijasema nakirudisha.

Kimya: Mm.

Hellevi: Leo jioni nitailoweka hii ala. Nakiacha humo, ngozi ikaukie juu yake. Ikishakauka imeshika umbo, haikubali kisu kingine.

Akalitupia gunia la chumvi begani kama mtu anayejifunga mtandio. Alipofika kwenye pampu akageuka.

Hellevi: Na mto ukianza kuganda, uje na trekta hadi mlangoni. Safari hii uzime injini.

Akateremka kuelekea kwenye mashua, asimtazame mtu. Tulisikia injini ikivutwa, ikakohoa, ikawaka. Kimya akarudi akaketi mahali pake juu ya gazeti lake, akashika kikombe kisicho na kitu, akakinywa. Mchungaji akatoa kalamu na kuandika jambo dogo pembeni mwa tangazo la kwaya. Redio ndiye aliyeona kwanza. Akamtazama Kimya kiunoni, akamtazama tena, akapiga makofi.

Redio: Kimya! Sasa wewe ndiye unayetembea na ala tupu! Funika hiyo na koti, bwana, kabla habari haijafika kwa wale akina dada wa Peltola wasio na waume!

Kimya akaitazama ala yake, mdomo wazi, ikining'inia kwenye mkanda. Hakuifunika.

Kimya: Ina mwenyewe.